Injini inagonga alfajiri kwenye baridi kali: niweke oili ya kawaida au sintetiki?

Shikamoo Mshauri,

Nakuandikia mimi ninayeliendesha gari lenyewe, maana wanaobishana habari zake hawaamki nalo saa kumi na moja alfajiri. Ninapoishi, majira ya baridi si mchezo. Usiku kipimajoto hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na wiki iliyopita kilifika 27. Gari linalala nje. Ni la petroli, injini ya lita 2, halina tabo, limeshatembea kilomita 160,000 na ushei. Nafanya kazi ya zamu hospitalini, kilomita 6 tu kutoka nyumbani, na nikimaliza narudi kwa njia hiyohiyo.

Baridi ikiwa kali, nikipiga stata injini inazunguka kwa uzito, utadhani inaburutwa. Ikishawaka, taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima, sekunde tatu nne hivi, na juu ya injini nasikia mlio wa kugongagonga. Halafu kila kitu kinatulia. Mchana nikitoka kazini na kijua kimepanda, hakuna tatizo lolote.

Oili iliyomo ni 10W-40 ya kawaida. Aliiweka fundi wangu, akasema gari la umri huu linataka oili nzito. Nilipomuuliza kuhusu sintetiki alitikisa kichwa: eti injini iliyozoea oili ya kawaida ukiitia sintetiki, sili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, zinaachia na gari linavuja kila pembe, tena ukishahamia huko huwezi kurudi. Mume wangu yeye ana msimamo wa upande wa pili. Anataka niweke sintetiki, kisha nisimwage oili mpaka mwaka uishe, ndipo gharama yake irudi. Na kuhusu stata ameshaamua dawa ni betri kubwa zaidi.

Kitabu cha gari ninacho. Kina jedwali la oili na halijoto: mstari wa 5W-30 unafika mpaka mwisho wa upande wa baridi, wa 10W-30 unakatikia nyuzi 18 chini ya sifuri. 10W-40 siioni kabisa.

Mengine mawili. Kila asubuhi naliacha gari lingurume dakika 20 kabla sijaondoka, nafanya vizuri? Na juzi nilifungua kifuniko cha kujazia oili nikakuta utando wa rangi ya maziwa upande wa ndani. Isije ikawa gasketi ya silinda hedi imeungua?

Mama wa Zamu ya Alfajiri

*

Marahaba mwanangu.

Jibu unalo mkononi, liko kwenye hilo jedwali. Mtengenezaji wa gari anakwambia oili ya 10W iishie nyuzi 18 chini ya sifuri, nawe unapiga stata kwenye 27. Hata kama hiyo 10W-40 ingekuwa sintetiki ya bei ya juu kuliko zote, bado isingekuwa oili ya alfajiri zako. Ubishi wa kwenu, kawaida au sintetiki, ni wa kweli na nitaufikia, ila unakuja wa pili. Linalotangulia ni namba iliyo kabla ya herufi W.

Namba hiyo wengi huisoma vibaya. W ni alama ya majira ya baridi, na 10 iliyo mbele yake si nyuzi 10 za baridi. Ni daraja tu. Kila daraja lina mitihani miwili katika kiwango cha J300 cha SAE, chama cha wahandisi wa magari. Mtihani wa kwanza unauliza kama stata itaweza kuizungusha injini ndani ya oili hiyo. Wa pili unauliza kama oili itavutika kutoka kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini, hadi kwenye pampu. Oili ya 10W inafanyiwa mtihani wa stata kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri na ule wa pampu kwenye 30. Ya 5W inapimwa kwenye 30 na 35. Ya 0W, 35 na 40. Namba ya baada ya W, yaani 30 au 40, haihusiani na asubuhi yako hata kidogo. Hiyo inapimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za moto, injini imeshachemka.

Sasa weka kipimajoto chako cha 27 juu ya namba hizo. Oili yako imepita mahali inapopimiwa stata na inakaribia mahali inapopimiwa pampu. Na mitihani hiyo hufanywa kwa oili mpya. Iliyomo kwenye sampu yako imekwishapikwa miezi kadhaa, sehemu yake nyepesi imeruka kwa mvuke, iliyobaki imekuwa nzito kuliko ilivyotoka kwenye galoni. Ndiyo maana stata inalia, taa inachelewa kuzima, na huko juu kwenye vali na tepeti, vile vipande vinavyosukuma vali, kunagonga. Vyuma vya juu ndivyo vya mwisho kufikiwa na oili.

Kuna jambo moja ninalotaka mumeo alisome kabla hajaifunga hiyo betri. Majira ya baridi ya 1980 kuingia 1981, katika mji wa Sioux Falls huko Marekani, injini kadhaa ziliharibika ingawa zilikuwa zimewaka vizuri. Stata iliziweza, moto ukashika, lakini oili ilikuwa imejiganda kwenye sampu kama uji uliopoa na haikuifikia pampu. Kilichowashangaza wataalamu ni kwamba oili hizo zilikuwa zimefaulu vipimo vya wakati huo. Vipimo viliipoza oili haraka. Baridi ya kweli iliipoza polepole, usiku na mchana, na nta iliyomo ikapata nafasi ya kujijenga. Tangu hapo kipimo cha pampu kikabadilishwa, sasa oili hupozwa taratibu kwa zaidi ya siku moja kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo gari linapogoma kuwaka kwa sababu oili ni nzito, linakuhifadhi. Betri kubwa itaishinda oili nzito, injini itawaka, na vyuma vitasuguana vikavu mpaka oili ifike. Sisemi betri haina maana. Betri ya risasi na asidi hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi, wakati huohuo injini inadai nguvu zaidi kuzunguka, ndiyo maana nguvu ya kuwashia iliyoandikwa juu ya betri hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Apeleke hiyo iliyopo ikapimwe. Ikiwa imechoka, abadilishe kwa ukubwa ule ambao kitabu kinautaja. Lakini oili itangulie.

Haya, kawaida au sintetiki.

Oili ya kawaida inatokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na ndani yake kunabaki nta kidogo. Nta hiyo ndiyo huganda baridi inapozidi. Watengenezaji huongeza dawa ya kuzuia chembe za nta zisishikane, na inasaidia sana, lakini ina kikomo. Sintetiki ama imeundwa upya kiwandani kutoka kwenye molekuli ndogo, ama ni mafuta ghafi yaliyovunjwavunjwa na kupangwa upya kwa hidrojeni na shinikizo kubwa hadi nta ikaisha karibu yote. Hizo za aina ya pili zilizua ugomvi: kampuni ya oili ya Mobil ililalamika kwamba mpinzani wake Castrol haistahili kuziita sintetiki, na mwaka 1999 chombo cha kusuluhisha migogoro ya matangazo nchini Marekani kikaipa haki Castrol. Nakutajia hili ili usidhani neno sintetiki kwenye galoni linataja kitu kimoja. Linataja familia nzima, na ndugu wenyewe hawalingani.

Ndiyo maana nakwambia uanze na namba. Oili ya kawaida ya 5W-30 na sintetiki ya 5W-30 zimefaulu mtihani uleule, kwenye nyuzi zilezile. Anayekwambia oili ya kawaida haifai kabisa kwenye baridi anakuuzia. Kama ungekuwa unaishi mahali ambapo kipimajoto hakishuki zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na gari linalala bandani, ningekwambia tia 5W-30 ya kawaida, imwage kwa wakati, pesa inayobaki nunua matairi mazuri ya theluji.

Wewe hauko huko. Kwa mtu wa 27 chini ya sifuri, gari likilala nje, mimi nachagua sintetiki bila kusitasita, na nina sababu mbili. Ya kwanza: mtihani unataka oili isizidi uzito fulani kwenye nyuzi fulani, haukwambii inakuwaje ukipita hapo. Ya kawaida ikishapita mpaka wake hukaza upesi. Sintetiki nyingi huendelea kumiminika hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Usiku mmoja baridi ikizidi utabiri, hiyo ndiyo tofauti utakayoisikia kwenye stata. Ya pili nimeshaigusa: uzee. Sintetiki haivukizi sana na haiungui upesi, kwa hiyo 5W uliyoweka mwanzoni mwa baridi bado ni 5W mwishoni mwake. Oili ya kawaida inaweza kuanza msimu ikiwa 5W na kuumaliza ikifanana na daraja la juu yake, na baridi huwa haingoji umwage oili.

Weka 5W-30 sintetiki basi, yenye alama ya ubora ambayo kitabu chako kinaitaja, iwe ya API (taasisi ya petroli ya Marekani) au ya ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya). Kama kitabu kinaruhusu 0W-30, hiyo ni bora zaidi kwa alfajiri zako, na usiogope kwamba ni nyepesi. Injini ikishapata moto, 0W-30 na 5W-30 ziko daraja moja; zinatofautiana kwenye baridi tu.

Fundi wako ana hoja ambayo zamani ilikuwa na mguu wa kusimamia. Sintetiki za mwanzo, miaka ya 1970, baadhi yake zilikaza na kusinyaza sili za mpira, na magari yalivuja kweli. Mchanganyiko ukarekebishwa, na siku hizi oili hupimwa kuhusu sili kabla ya kupewa alama. Linaloweza kutokea kwenye gari la kilomita 160,000 ni hili: kama kuna sili iliyokwisha, na uchafu mgumu ndio unaoziba ufa wake, oili yenye kusafisha vizuri inaweza kuuyeyusha uchafu na kuiacha sili peupe. Hapo sintetiki haijaharibu kitu, imekuonyesha kilichoharibika. Kagua chini ya injini kabla ya kubadilisha. Ukikuta pakavu, endelea bila wasiwasi.

Lile la kutoweza kurudi nyuma halina ukweli wowote. Oili za injini zenye alama ya API zinatakiwa zichanganyikane bila kutengana. Unaweza kuhama leo, ukarudi kiangazi, ukaongeza nusu lita ya kawaida juu ya sintetiki ukiwa umekwama njiani. Huhitaji dawa ya kuosha injini kwanza. Na ile dhana ya gari zee oili nzito, mwambie kwa heshima kwamba kwenye nchi ya joto mtu anaweza kuitetea, lakini hapo ulipo 10W-40 inaiadhibu injini kila asubuhi ili kuituliza mchana. Fundi wengi ni watu wazuri wanaorudia walichofundishwa na fundi wao.

Mumeo sasa. Kuhusu kuweka sintetiki yuko sahihi, kuhusu mwaka mzima amekosea, na kwa gari lako kosa hilo ni kubwa kuliko la fundi. Sintetiki inaweza kukaa muda mrefu kwenye gari linalokwenda safari ndefu na kuchemka sawasawa. Lako halichemki. Kilomita 6 kwenye baridi hiyo pengine zinatosha kupasha maji ya rejeta. Oili huchelewa nyuma sana. Na petroli inapoungua hutoa maji: lita moja ya petroli huzaa karibu lita moja ya maji. Sehemu kubwa hutoka kwa mvuke kwenye ekzosi, ndiyo ule moshi mweupe unaouona asubuhi, lakini kiasi fulani hupenya kando ya pistoni hadi kwenye sampu. Petroli mbichi nayo hupenya, maana injini baridi hulishwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuchoma. Oili ikipata moto wa kutosha, maji na petroli huvukia na kuondoka. Isipopata, vinabaki humo, vinaichosha dawa iliyomo kwenye oili na kutengeneza asidi. Hakuna sintetiki inayozuia hayo.

Angalia kwenye kitabu sehemu ya matumizi magumu. Utakuta safari fupi kwenye baridi zimetajwa waziwazi, na muda wa kumwaga oili umefupishwa, mara nyingi hadi nusu. Huo ndio muda wako, sintetiki au la. Gharama aliyotaka irudi kwa kuichelewesha oili itarudi kwa njia nyingine, kwenye stata, betri na kamshafti (mhimili unaofungua vali) ambavyo hutanunua.

Utando wa maziwa kwenye kifuniko ni maji hayohayo. Kifuniko ndiyo sehemu baridi kuliko zote juu ya injini, mvuke unakigonga na kuganda hapo pamoja na oili. Kabla ya kuihukumu gasketi, vuta kijiti cha kupimia oili. Kama oili iliyo juu yake ina rangi yake ya kawaida, na maji kwenye tangi la akiba la rejeta hayapungui wiki hadi wiki, gasketi ni nzima. Kama kijiti nacho kimepauka kama chai ya maziwa, au unaongeza maji mara kwa mara, usiliendeshe, lipeleke gereji. Na ukiwa hapo kwenye kijiti, kinuse. Harufu kali ya petroli, au kimo kilichopanda badala ya kushuka, maana yake oili imezimuliwa. Imwage hata kama muda wake haujafika. Mara moja kwa wiki, siku isiyo na zamu, litoe barabara kuu likimbie nusu saa au zaidi. Utando utapungua wenyewe.

Dakika 20 za kunguruma ziache. Injini ikinguruma tu bila kazi hupata moto polepole mno, na muda wote huo inamwaga petroli ya ziada kwenye kuta za silinda, inaziosha oili yake. Unazidisha tatizo ulilonitajia mwisho. Washa, subiri taa izime na mlio utulie, hesabu dakika moja au mbili kwenye asubuhi mbaya kabisa, kisha ondoka taratibu bila kukanyaga sana mpaka geji ya joto ipande. Barafu ya kioo ikwangue kwa mkono. Na wale wanaowasha gari ndani ya banda lililofungwa wasithubutu kabisa. Ndani ya moshi wa ekzosi mna gesi inayoua bila kunusika.

Kama kweli unataka kulipasha, fanya hivyo kabla ya kuwasha. Hita ya umeme ya injini hupasha maji ya kupoozea yaliyomo ndani ya injini, nyingine hubandikwa chini ya sampu na kuipasha oili yenyewe. Ichomeke kwenye swichi ya saa ijiwashe saa mbili tatu kabla ya kutoka. Usiku kucha ni kuchoma umeme bure. Kwa mtu wa nyuzi 27 chini ya sifuri, fedha ambayo mumeo aliitengea betri kubwa ningeiweka huku. Wakati huohuo fundi apime maji ya rejeta: nusu dawa ya kuzuia kuganda na nusu maji hustahimili hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na waliozoea kuongeza maji matupu hugundua upungufu siku bloku inapopasuka.

Usingoje muda wa 10W-40 uishe. Imwage wiki hii, injini ikiwa ya moto ili uchafu utoke nayo, na badilisha filta siku hiyohiyo. Usikubali filta ya bei rahisi kabisa. Ndani ya filta nzuri kuna vali ndogo ya mpira inayoizuia oili isishuke yote kwenye sampu gari likilala. Vali hiyo ikikakamaa, kila asubuhi pampu inaanza kujaza filta kwanza, na wewe unasikia kugonga.

Baada ya hapo sikiliza asubuhi tatu nne za baridi ileile. Taa ikizima ndani ya sekunde moja mbili na mlio ukaisha, basi ilikuwa oili. Taa ikipitisha sekunde tano, zima injini papo hapo. Na ikiwa stata imekuwa nyepesi lakini kugonga kunaendelea, hasa kukianza kusikika na mchana pia, mwambie fundi afunge geji ya kupima shinikizo la oili na alinganishe na namba ya kwenye kitabu. Likiwa chini ya hapo, atafute kwenye pampu, chujio la ndani ya sampu au beringi.